Muuzaji Anaondoka kwa Sababu Gani?

Julai 2024 kundi la Amsons la Dar es Salaam liliweka mezani shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa ya Bamburi Cement, wakati sokoni Nairobi hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 45. Kwa hisa zote, ofa ilifika karibu shilingi bilioni 23.6 za Kenya. Nairobi waliulizana hawa Watanzania ni nani na fedha wamezitoa wapi. Dar es Salaam wengine walifurahi tu kwamba safari hii mnunuzi ametoka upande wetu, baada ya miaka mingi ya kupokea benki na maduka makubwa ya Wakenya. Yote hayo yanaeleweka, ila hayagusi biashara yenyewe. Swali la biashara ni moja: kampuni ambayo tayari ina saruji yake sokoni, ina mafuta na ina malori, kwa nini inunue kiwanda cha mwenzake badala ya kujenga kingine?

Jibu liko kwenye klinka. Mawe ya chokaa na udongo huchomwa ndani ya tanuri refu linalozunguka, joto likifika kama nyuzi 1,450, yakatoka madonge magumu ya kijivu. Hayo ndiyo klinka. Yasage pamoja na jasi kidogo, umepata saruji. Kusaga si kazi ya kumtisha mwenye mtaji wa wastani. Kinu kinaweza kusimamishwa karibu na soko na kikaanza kutoa mifuko mapema. Tanuri ni habari nyingine. Linataka machimbo ya chokaa yatakayodumu kwa miongo, umeme mwingi, makaa ya mawe au gesi, vibali vya mazingira, na miaka ya kusubiri huku riba ya benki ikihesabu. Ndiyo maana ukanda wetu una vinu vingi vinavyosaga klinka ya kununua. Mwenye kinu cha namna hiyo halali bei ya klinka ikipanda au meli ikichelewa, na mara nyingi anayemuuzia malighafi ndiye huyohuyo anayeshindana naye kwa mawakala.

Camel Cement, saruji ya Amsons, ilizaliwa upande huo wa kusaga. Sasa fuatilia manunuzi yao uone yanavyopangana. Mwaka 2023 walinunua asilimia 65 ya Mbeya Cement, watengenezaji wa Tembo, kiwanda chenye tanuri na machimbo yake kule Songwe. Baadaye hisa nyingi za Tanga Cement, wenye Simba, zikaishia mikononi mwao. Kisha Bamburi, kiwanda kilichoanza kuzalisha Mombasa mwaka 1954, chenye tanuri Pwani na kinu cha kusaga Athi River, jirani na soko kubwa kuliko yote nchini Kenya. Kila hatua imeleta kitu kilekile ambacho kinu cha kusaga hakina: klinka, pamoja na ardhi ya kuichimbia. Saruji ni mzigo mzito wenye bei ndogo kwa kilo, haupendi safari ndefu, kwa hiyo Mbeya, Tanga na Mombasa hazikuchaguliwa kwa kupendeza kwenye ramani. Kila moja inalisha soko ambalo nyingine haiwezi kulifikia bila nauli kula faida.

Kwa hiyo kilichonunuliwa hapo ni miaka, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote za kununua kampuni: kupata kitu ambacho fedha peke yake haiwezi kukutengenezea kwa wakati unaokihitaji. Machimbo, leseni, amana za wateja wa miaka hamsini, mtandao wa mawakala wanaokopeshana kwa neno la mdomo. Ukinunua kitu ambacho ungeweza kujijengea ndani ya mwaka mmoja, umenunua sifa ya kuonekana mkubwa, na sifa hiyo huwa ghali.

Upande wa pili wa meza alikaa Holcim wa Uswisi, mwenye asilimia 58.6 ya Bamburi. Huyu hakuwa anauza kwa sababu Bamburi imemshinda. Kwa miaka kadhaa amekuwa akijiondoa kwenye masoko yanayoendelea: India mwaka 2022, Uganda alikokuwa na saruji ya Hima, Mbeya, kisha Nigeria. Uamuzi ulifanyika Ulaya, kwa hesabu za Ulaya. Muuzaji wa namna hiyo anataka mambo mawili, bei ya haki na mnunuzi ambaye fedha zake zitafika. Ndiyo maana Savannah Clinker alipojitokeza na shilingi 70, akapanda hadi 76.55, Holcim hakuyumba. Alikuwa ameshajifunga kuuza hisa zake kwa Amsons. Desemba 2024 Savannah akajiondoa, na Amsons akamaliza akiwa na zaidi ya asilimia 96 ya hisa.

Mfanyabiashara akija kuniomba ushauri wa kununua kampuni, nitamuuliza kwanza kuhusu muuzaji kabla hata hatujafungua vitabu vya mahesabu. Anaondoka kwa sababu gani? Kuna anayeondoka kwa kuwa bodi yake imebadili mwelekeo, kuna mwenye umri uliokwenda na watoto wasiotaka biashara ya mzee, kuna aliyebanwa na madeni ya kwingine kabisa. Hao wanaacha mali yenye uhai. Kuna pia anayeondoka kwa sababu ameshaona mwaka kesho utakuwaje. Vitabu vya hawa wote vinaweza kufanana kwa tarehe uliyovifungua.

Halafu kuna haraka ya mnunuzi mwenyewe, ambayo haijadiliwi sana kwa sababu inaonekana kama ujasiri. Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka vibanda vya vocha vilivyobadilishwa rangi kila mara: Celtel, Zain mwaka 2008, Airtel mwaka 2010. Nyuma ya rangi hiyo ya tatu kulikuwa na Bharti Airtel ya India, iliyonunua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa thamani ya dola bilioni 10.7. Bharti ilikuwa imejaribu mara mbili, mwaka 2008 na 2009, kuungana na MTN ya Afrika Kusini, na mara zote mbili mazungumzo yakavunjika. Ilikuja kwa Zain ikiwa na njaa. Mfumo ulioipa ushindi India, bei ya chini na watu wengi wanaoongea muda mrefu, ukaletwa mzima mzima huku. Kenya bei za simu zikaporomoka, wateja tukafurahi, mapato hayakuongezeka ilivyotarajiwa. Kubwa zaidi, mkopo ulikuwa wa dola na makusanyo yalikuwa ya shilingi, kwacha na naira. Kila sarafu hizo ziliposhuka, deni lilinenepa bila mtu kukopa senti nyingine. Ikabidi kuuza minara kwa kampuni za minara na kuikodi upya, na mwaka 2016 kuwauzia Orange biashara za Burkina Faso na Sierra Leone.

Leo Airtel Africa ni kampuni kubwa, imeorodheshwa London tangu 2019, na yupo mtu atakayesema kwamba basi ununuzi ulilipa. Ulilipa, ndiyo, baada ya karibu muongo mzima, na kwa kampuni mama iliyokuwa na kifua cha kuhimili. Kampuni ya ukubwa wa kawaida ingekuwa imeshapigwa mnada mwaka wa nne.

Kwenye benki ndiko ukanda wetu una mifano mingi zaidi, na Congo ndiyo shule. Equity ya Kenya iliingia kule mwaka 2015 kwa kununua ProCredit, benki ndogo yenye nidhamu. Ilikaa miaka mitano ikijifunza mji, sheria na wateja. Mwaka 2020 ikachukua asilimia 66.53 ya BCDC kutoka kwa familia ya Forrest kwa dola milioni 95, kisha ikaziunganisha hizo mbili kuwa Equity BCDC. BCDC ilikuwa na mizizi tangu 1909, enzi za Wabelgiji. Kampuni kubwa za migodi na taasisi zilikuwa wateja wake. Congo watu huweka akiba kwa dola zaidi ya faranga, na mwenye kuweka dola zake benki huangalia jina kwanza. Jina la miaka zaidi ya mia halijengwi kwa mabango. Miaka miwili baada ya hapo KCB, nayo ya Kenya, ikafuata njia hiyohiyo kwa kununua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank, iliyoanzia Lubumbashi.

CRDB yetu ilichagua njia nyingine. Mwaka 2023 ilifungua benki mpya Lubumbashi, yenyewe ikiwa na asilimia 55 na wawekezaji wa Denmark na Norway wakigawana zilizobaki. Ilifanya hivyohivyo Burundi mwaka 2012. Nimesikia watu wakiicheka kwamba imechelewa. Mimi naona ina hoja. Mfanyabiashara wa Kitanzania anayepeleka mizigo Katanga kupitia Tunduma tayari ni mteja wa CRDB, hivyo benki inamfuata mteja wake badala ya kutafuta wageni. Aliyenunua analipa sana mwanzoni akapata ukubwa. Aliyejenga analipa kidogo kidogo na hakuna mkopo chechefu wa mtu mwingine unaomsubiri kabatini. Equity yenyewe ilianza kwa kujenga Tanzania na Rwanda, na kule Rwanda ikaona mwendo ni mdogo, ikanunua Cogebanque mwaka 2023. Kampuni moja inaweza kutumia njia zote mbili, ilimradi inajua kwa nini.

Aliyenunua bila kujua ni nani? Jina linalonijia ni Atlas Mara. Ilianzishwa mwaka 2013 na Bob Diamond, aliyekuwa bosi wa Barclays, na Ashish Thakkar, mfanyabiashara aliyejulikana sana Uganda na Rwanda. Walichangisha dola milioni 325 London, wakaanza kununua: BancABC iliyokuwa Botswana, Zambia, Zimbabwe, Msumbiji na Tanzania, benki za Rwanda, na hisa katika Union Bank ya Nigeria. Kwenye karatasi ilipendeza. Tatizo ni kwamba hapakuwa na benki mama. Equity na KCB zinaponunua, Nairobi kuna mfumo wa kompyuta unaofanya kazi, kuna mameneja wa kupeleka, kuna njia iliyokwisha kujaribiwa ya kukopesha mama wa genge na mwenye kiwanda. Atlas Mara ilikuwa na mtaji na mikataba, na kila benki iliyoinunua iliendelea kuwa ndogo katika nchi yake, na ugonjwa wake uleule. Kufikia 2021 ilikuwa inauza kimoja kimoja. Banque Populaire du Rwanda ilikwenda KCB, Botswana ikaenda Access ya Nigeria. Equity nayo ilikuwa imejadiliana kuchukua benki zake nne, ikiwamo ya Tanzania, ikajitoa mwaka 2020 corona ilipovuruga hesabu. Kujitoa huko hakukuandikwa sana magazetini. Naamini ni mojawapo ya maamuzi bora ya Equity katika muongo ule, kwani mwaka huohuo fedha na akili vyote vilihitajika Kinshasa.

KCB nayo haikupata kila mara. Mwaka 2019 iliichukua National Bank of Kenya kwa kubadilishana hisa, hisa 10 za National kwa hisa 1 ya KCB. Haikutoa fedha taslimu, na hilo lilionekana kuwa ujanja mzuri. Lakini National ilikuja na mtaji uliopungua na mikopo chechefu mingi, ikabidi kuongezewa fedha, na haikumezwa. Iliendelea na jina lake na bodi yake. Mwaka 2025 KCB ikamaliza kuiuza kwa Access. Benki mbili za mwenye mmoja, mtaa mmoja, mji mmoja, zikigombea mteja yuleyule, ni gharama ambayo taarifa ya habari ya siku ya ununuzi haiitaji. Kama unanunua ili uunganishe, unganisha. Kama unaacha ziwe mbili, uwe na sababu inayoonekana kwa mteja.

Bei iliyoandikwa kwenye mkataba nayo hudanganya. Mwaka 2015 Millicom, wenye Tigo wakati huo, walinunua asilimia 85 ya Zantel kutoka Etisalat kwa dola 1. Moja. Pamoja na dola hiyo walibeba deni la dola milioni 74. Hiyo ndiyo bei. Walichopata ni Zanzibar, ambako Zantel ilikuwa mwenyeji na Tigo mgeni, na hawakuwa wajinga kulifuta jina usiku mmoja. Liliendelea Visiwani kwa miaka. Millicom wenyewe waliondoka Afrika, biashara yote ya Tanzania ikachukuliwa mwaka 2022 na kundi lililoongozwa na Axian wa Madagascar, na Novemba 2024 majina yote mawili yakawa Yas. Ukiona kampuni inauzwa kwa bei ya andazi, usishangilie kabla hujauliza nani analipa madeni, mishahara ya nyuma, kesi zilizoko mahakamani na kodi.

Kodi hasa. Hapa nazungumza na wenye kampuni za kati, wa mabasi, wa hospitali binafsi, wa unga, ambao hawataonekana Soko la Hisa lakini wananunuana kila siku. Ukinunua hisa za kampuni, umeinunua na historia yake yote. Barua ya TRA ya miaka ya nyuma itakujia wewe. Tena sheria yetu ya kodi ya mapato ina kifungu kinachowashangaza wengi: umiliki ukibadilika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka 3, kampuni huhesabiwa kana kwamba imeuza mali zake, na kodi inaweza kudaiwa hata kama hakuna gari wala shamba lililotoka. Nimeona wanunuzi wakijadili bei ya kampuni mwezi mzima na kifungu hiki hakijatajwa na yeyote.

Njia ya kukwepa historia ni kununua mali badala ya kampuni: mashine, kiwanja, magari, jina, orodha ya wateja. Mfano uliokwenda vizuri ni wa Kenya mwaka 2014, kampuni ya simu ya yu ilipofungwa na wenyewe, Essar wa India. Washindani wawili waligawana: Airtel ikachukua wateja, Safaricom ikachukua mitambo na minara. Kila mmoja alibeba alichokikosa. Airtel haikuhitaji minara zaidi, ilihitaji watu wa kuijaza. Safaricom ilikuwa na watu tele na mtandao uliobanwa. Sijaona mkataba mwingine wa ukanda huu uliochanwa vizuri hivyo kwenye mshono.

Na mlinzi wa mlangoni ni nani? Kwa Tanzania ni Tume ya Ushindani, na juu yake Baraza la Ushindani. Waliokuwa wakiiona kama ofisi ya mihuri walishtuka Septemba 2022, Baraza lilipofuta idhini ya Scancem, kampuni ya Heidelberg wenye Twiga, kuinunua Tanga Cement. Hoja ilikuwa kwamba Twiga na Simba wakiwa chini ya paa moja watavuka asilimia 35 ya soko, kiwango ambacho wakati huo sheria ya 2003 ilikitumia kumpima mwenye nguvu kubwa. Suala likazunguka, ombi likarudi, idhini ikatoka, mauzo yakakamilika mwaka 2023, kisha hisa hizo zikahamia Amsons. Kwa mnunua saruji wa Korogwe swali ni jepesi: amebaki na wauzaji wangapi wasio na bosi mmoja? Ununuzi unaomfanya mnunuzi akue kwa kupata tanuri unaweza kushusha bei. Unaomfanya akue kwa kumwondoa jirani sokoni hauwezi, na mkataba mmoja unaweza kuwa na yote mawili ndani yake.

Kenya mjadala huu haujafungwa, hasa kwa kuwa Bamburi yenyewe ina hisa katika East African Portland Cement ya Athi River. Mimi nitatazama klinka: Amsons wataongeza tanuri, au watayafanya haya ya zamani yazalishe zaidi? Tatizo ni kwamba wakati Bamburi ilikuwa mali ya maelfu ya wenye hisa, mtu yeyote mwenye simu angeweza kusoma mahesabu yake kila nusu mwaka na kujibu swali hilo mwenyewe. Kampuni ambayo karibu hisa zake zote ziko kwa mwenye mmoja haina sababu ya kutuonyesha.